Mabomba ya Kisima cha Bulla Geri

Jumatano, tarehe 12 Februari 2025. Asubuhi ile upepo ulitoka upande wa mpakani ukiwa na vumbi jekundu, na mbingu haikuwa na wingu hata moja. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Nilifika Bulla Geri na lori langu la maji, nikamkuta Shuaib, afisa wa forodha kutoka Liboi, amesimama kando ya mtambo wa kuchimba kisima. Nyuma yake walikuwa askari wawili.

"Eeddo Saynab," akaniita, kwa heshima ambayo mtu humpa shangazi yake. "Muda umekwisha. Leo mtambo huu unavuka mpaka."

Mtambo ulitoka Dhobley, ng'ambo ya mpaka. Mwenyewe, Mzee Deeq, aliuleta kwa kibali cha muda: uingie bila ushuru, uchimbe, kisha utoke kama ulivyoingia. Forodha ilitaka mdhamini wa upande wetu, nami nikaweka lori langu. Sikusita. Maji niliyoleta hayakutosha kamwe. Ngamia walikuwa wameanza kufa, na watoto waliokunywa maji ya dimbwi tulikuwa tunawazika.

Kisha Mzee Deeq mwenyewe akafa, usingizini, kitanda chake kikiwa hatua chache kutoka kwa mtambo. Matanga yalipokwisha, mwanawe Guleid alisimama msikitini akasema, "Mtambo wa baba ni waqfu. Utawachimbia watu wa hapa mpaka uliwe na kutu, na thawabu zimfikie kaburini." Tulilia, tukapiga takbiri. Tangu siku hiyo ukawa mtambo wa msikiti. Hakuna aliyekumbuka kwenda Liboi kuomba muda uongezwe. Kwetu sisi, kitu kikishatolewa kwa Mungu, unamwomba nani tena ruhusa?

"Hii ni waqfu," Imamu Abdinoor alimwambia Shuaib. "Unataka kuhamisha mali ya Mwenyezi Mungu?"

"Sheikh, mimi pia naswali. Lakini malaika hawapigi mihuri pale Liboi. Kilichoingia kwa muda hakitolewi zawadi huku ndani, si kwa msikiti wala kwa mke wangu."

"Mke wako tunamjua!" akadakia bibi mmoja, Sahro. "Hata shuka hujampa!"

Watu walicheka, na Shuaib naye akacheka. Hatukucheka tena siku hiyo.

Guleid alimwonyesha konzi ya udongo. "Walaal, ndugu yangu, tazama. Tangu jana unatoka na unyevu. Tupe mpaka Ijumaa tu."

"Mngekuja kabla muda haujaisha, ningewaandikia mimi mwenyewe. Sasa sina uwezo."

"Na usipotoka?" nikauliza.

Shuaib alitazama chini. "Dhamana inachukuliwa. Lori lako, eeddo."

Wote wakanigeukia. Guleid akanisogelea. "Eeddo, waache walichukue. Maji yako karibu, nayasikia kwenye vyuma."

"Na yasipopatikana? Watakunywa nini kesho, Guleid?"

Nilikwenda nyuma ya lori, nikatawadha kwa mchanga, nikaswali rakaa mbili juu ya ardhi iliyochoma paji la uso. Nilimwomba Mola anionyeshe. Sikuona kitu, wala moyo haukutulia. Nilirudi kwao hivyo hivyo.

"Utoeni," nikasema.

Vijana walianza kufungua nyaya. Shuaib akapitisha macho kwenye karatasi yake, kisha akasema polepole, "Na mabomba."

Mabomba yaliyokuwa ardhini, yanayozuia kuta za shimo, yalikuja pamoja na mtambo, kwa kibali kilekile. Guleid alipiga magoti. "Shuaib, wallahi, mabomba yakitoka shimo litaporomoka. Ondoka na mtambo. Mabomba yaache."

"Yakibaki, mtambo haujatoka. Na lori linakwenda."

Guleid alinitazama. Nilitikisa kichwa kumwambia asiombe tena.

Waliyavuta moja baada ya jingine. Yale ya mwisho yalipanda na tope jeusi, baridi. Wanawake walilikwangua kwa vidole wakawapaka watoto wao usoni. Bomba la chini kabisa lilipotoka, tulisikia ardhi ikianguka ndani kwa ndani, mngurumo mrefu, na mdomo wa shimo ukabonyea mbele ya miguu yetu. Mtambo ukawashwa, ukageuka, ukaelekea Liboi, Guleid ameketi juu yake, amejifunika kilemba usoni.

Sahro alikaa ukingoni mwa kile kibonde. Mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale tuliowazika.

"Saynab, umetuchagulia," alisema, bila hasira. "Sasa tuambie umetuchagulia nini. Sema kwa mdomo wako, watu wasikie."

Shuaib alikuwa anapanda gari. Imamu Abdinoor akamwita: "Rudi, nawe uwe shahidi." Alirudi, akavua kofia.

Lori lile ndilo linalolisha nyumba yangu, kwa kubeba mizigo ya wafanyabiashara mpaka Garissa. Nilisema:

"Wallahi, mbele ya Imamu Abdinoor, mbele ya Shuaib na mbele yenu nyote: mpaka siku maji yatakapotoka katika ardhi hii, lori langu halitabeba mzigo wa mtu yeyote, hata wangu mwenyewe. Litabeba maji ya Bulla Geri peke yake. Nikivunja, lichomeni moto, nami nisiwadai kitu duniani wala akhera."