Mlio Uliopungua

Mume wangu Tatsuzo alikuwa anauchokoachokoa wali kwa vijiti bila kula. Nikajua kuna jambo.

"Jana tulipolipua, mlio mmoja ulipungua," alisema. "Kuna baruti imebaki mwambani."

"Msimamizi anajua?"

"Murakoshi? Anasema nina masikio ya bibi kizee. Mabomba ya maji yameganda, na yeye hawezi kungoja tuoshe matundu ya jana baruti itoke. Bwawa lina haraka."

Kambini kwetu, kwenye theluji ile ya milima ya Hida, kila mke wa mtoboaji alilijua hili: chuma cha drili hupenda tundu la zamani. Unalenga pembeni, kinateleza, kinaingia mlemle. Kikikuta baruti, basi tena.

"Usiende."

"Niitwe mwoga? Kinue, acha maneno yako ya jikoni."

Akaenda. Nilibaki na masufuria ya kambi nzima. Kisha nikavua aproni, nikapanda hadi kwenye handaki walilokuwa wakilichimba, nikaingia.

Walikuwa bado wanaunganisha mipira ya kupeleka hewa kwenye drili. Wa kwanza kuniona alidondosha spana. Mungu wa mlima ni mwanamke, tena mwenye wivu. Mwanamke mwingine akikanyaga humo, hakuna anayeshika drili mpaka kuhani aje kupatakasa. Nilijua vizuri nilichokuwa nafanya.

"Toka, mwehu wewe!"

"Tatsuzo, mkeo katumaliza!"

Watoboaji walitoka wote, wakitema mate. Tatsuzo alinipita bila kunitazama. Sikujali, maadamu ametoka.

Murakoshi alibaki, amefura. "Wanaume wazima mnamkimbia mpishi! Nitatoboa mwenyewe!"

"Bwana Murakoshi, ile baruti..."

"Rudi ukapike!"

Tulikuwa nje tuliposikia drili ikinguruma, kisha ule mlio uliopungua jana.

Kambi nzima ilisema mungu wa mlima amelipiza. Sikutegemea Tatsuzo aseme hivyo, yeye aliyeisikia milio kwa masikio yake. Lakini aliporudi kutoka mazishini alisimama mlangoni, na ile chumvi ya kuondoa mikosi ya kifo, ambayo mtu hujinyunyizia mwenyewe, akanirushia mimi.

"Umemuua Murakoshi."

"Na baruti je?"

"Nyamaza." Akaketi. "Chakula kipo?"

Nilimpakulia. Alishika bakuli kwa mikono yake miwili, yote mizima, akala hadi akamaliza. Niliitazama mikono ile nikalia.