Paneli Kumi na Nane

Hafidh alikuwa fundi hodari wa sola, na hesabu aliijua vizuri mpaka pale ilipowagusa watu anaowapenda. Nyumba kumi na nane za Kiuyu alizifungia taa, kila moja kwa laki nne, malipo msimu wa karafuu. Faida yake ilikuwa elfu arobaini kwa nyumba, baada ya nauli ya meli, nyaya, na kuungua mgongo juu ya mabati. Aliona ana dhamana kumi na nane. Maskini, alikuwa na dhamana moja tu, nayo iko juu ya mti.

Na mti wenyewe kila Mpemba anaujua: ukizaa sana mwaka huu, mwakani hupumzika. Hafidh alifunga taa zake katika mwaka wa neema, majamvi yamefurika karafuu na watu wanacheka ovyo, akawaambia, "Mtanilipa mwakani." Mtoto wa Kipemba huyo! Mwakani ikaja, mikarafuu ikasimama mitupu.

Mzigo aliuchukua kwa Ahmada, tajiri wa Chake, wa milioni sita, na rehani ilikuwa shamba la mikarafuu la mamake. Bi Mize alilirithi kwa babake. Alipompa mwanawe hati alisema neno moja: "Usinipotezee." Muda wa rehani ulikuwa unaisha Ijumaa.

Jumatatu Hafidh alipita Kiuyu mlango kwa mlango, macho makavu. "Alhamisi baada ya alasiri nakuja. Pesa, au nashusha paneli."

Hakukusudia kushusha hata moja. Betri zilikwishachoka, paneli kuukuu haina mnunuzi, na duka halirudishi mali iliyotumika. Alitaka kuwatisha tu, huyu auze mbuzi, yule afukue bangili, mwengine akope kwa shemejiye. Dawa ya moto ni moto, alijiambia.

Alhamisi alizikuta paneli zote kumi na nane zimepangwa barazani kwa Bi Mwanapili, zimefutwa vumbi, nyaya zimekunjwa, betri pembeni. Watu walikuwa wametoka msikitini, wamekaa wanamngoja. Walishusha wenyewe ili kumwondolea tabu ya ngazi. Hafidh alitamani wangemtukana.

"Mwanangu Hafidh," alisema Bi Mwanapili, mkubwa wao, "ulosema ni haki. Mwaka huno hatuna kitu, na deni twaogopa kwenda nalo kaburini. Mali yako hino, tumeitunza. Tupe radhi."

"Bi Mwanapili, mie nataka pesa..."

"Twajua, baba. Ingekuwepo tungekupa. Tupe radhi."

Wote waliinamisha vichwa. Mzee Jaribu, asiyeona vizuri, alinyoosha mkono ushikwe. Hafidh alijua kwamba akikataa, madai yake yatabaki, na kwa madai hayo angeweza kumwendea Ahmada kuomba muda. Alijua pia kwamba hajazaliwa Pemba mtu wa kumnyima mzee radhi mbele ya watu waliotoka kusali. Akaushika ule mkono.

"Nimesamehe," alisema, na milioni saba na laki mbili zikaondoka na neno hilo. Wanawake walitokwa na machozi, wakamwombea baraka katika biashara yake. Aliitikia amina, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kulia.

Gari ya kubebea paneli ilimla elfu thelathini, pesa yake ya mwisho. Alifika nyumbani Jadida baada ya magharibi, akamkuta mamake juu ya msala, tasbihi mkononi.

"Wamekulipa?"

"Wamerejesha vitu, mama. Wakaniomba radhi."

"Ukawapa?"

"Nimewapa."

Bi Mize alizitazama paneli zilizoegemezwa ukutani, moja baada ya moja, kama anayehesabu miti yake. "Umefanya vyema. Mtu akiombwa radhi hutoa." Akaukunja msala taratibu. "Na shamba langu?"

Hafidh alipiga magoti, akamshika miguu. "Nipe radhi, mama."

Aliingoja. Bi Mize aliitoa miguu yake mikononi mwake, akaingia chumbani, akafunga mlango.