Friji Yako ya Nyumbani Ikoje?

Wateja walishasahau jina lake, wakamwita Dada Samahani, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Alikaa kwenye meza ya malalamiko, kando ya mlango wa kutokea wa supamaketi. Mikate yenye ukungu, maziwa yaliyochacha na watu waliofura kwa hasira, vyote vilifikia kwake kwanza.

Meneja alimfundisha swali moja tu. Mteja akileta nyama inayonuka, asibishane naye, amuulize kwa upole: "Friji yako ya nyumbani ikoje?" Hapo mtu huanza kujieleza, mara umeme ulikatika, mara mlango haufungi vizuri, mwisho anaondoka akijilaumu mwenyewe. Na friji za dukani? Zilizimwa kila jioni ili kubana matumizi, zikawashwa asubuhi. Wafanyakazi wote walijua, na hakuna hata mmoja aliyenunua kuku pale. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa wakilipwa mshahara na meneja yule.

Siku hiyo mbele ya foleni alisimama fundi cherehani mmoja mzee, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, mfuko wa kuku mkononi.

"Nusa," alisema.

"Samahani, baba. Friji yako ya nyumbani ikoje?"

"Sina friji, mwanangu. Nimetoka naye hapa sasa hivi, nimefika, nimefungua, nimerudi."

Jibu la hilo hakufundishwa. Bahati yake simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, aliyeachiwa mtoto nyumbani. Masikio yake yalikuwa mazito, naye hupiga kelele akidhani wengine nao hawasikii.

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi! Mjukuu wangu ameamka, anataka supu! Nilipita naye hapo kwenu asubuhi, amelala mgongoni, nikachukua kuku. Nikakuona una watu, sikutaka kukusumbua. Ngoja nikaepue chungu!"

Simu ikakatika.

Roho ilimruka. Mtoto alikuwa ametoka hospitali jana tu, tumbo la kuhara limemkausha mpaka macho yameingia ndani. Alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Meneja alikuwa amesimama karibu na mizani ya mboga, akimtazama. Kunong'ona kusingefaa, mama mkwe asingesikia kitu. Na akipaza sauti, kazi hana.

"Haloo?"

"Mama! Usimpe mtoto hiyo supu!"

"Unasemaje?"

"Supu! Usimpe! Kuku wa hapa mbovu, friji wanazizima usiku!"

Mtu wa kwenye kaunta akaacha kupiga hesabu. Fundi cherehani akauweka mfuko wake mezani taratibu, bila kumwondolea macho.

"Bado sijampa, nilikuwa naipoza," mama mkwe alisema, na foleni yote ikamsikia. "Naimwaga sasa hivi."

Dada Samahani akashusha pumzi, machozi yakamlengalenga.

"Lakini mwanangu," sauti ile ikaendelea, "wewe ulijua tangu lini?"

Alifungua mdomo. Hata lile neno lake halikuja. Mbele yake watu wote, na mifuko yao mikononi, walikuwa wakisubiri jibu lile lile.