Kitufe cha Samahani

Mtandao uliingia katika duka la fundi cherehani kwa dirisha moja tu, lile la juu ya meza ya pasi, na haukupenda kwenda mbali na hapo. Ukisogea na simu kuelekea cherehani, mistari ilipungua. Ukifika kwenye meza ya kukatia, ilikwisha. Fundi alihangaika na jambo hilo mpaka akapata dawa yake. Alishona mfuko wa plastiki angavu, akautia pindo na tundu la waya wa chaji, akaubana kwenye pazia kwa pini mbili, na simu ikawa inakaa humo kutwa nzima ikiitazama pasi. Wateja wageni walidhani ni kamera ya kukamatia wezi, wakawa na adabu.

Alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa barabara, simu ililia mlio wa dadu. Hapo fundi aliacha lolote alilokuwa nalo mkononi na kwenda kupiga pasi. Nguo zilizokwisha kunyooka zilinyooshwa upya. Kuna suruali ya mhasibu mmoja iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, kwa sababu siku hiyo mpinzani wa fundi kwenye ludo ya simu alikuwa anapata sita tu.

Mpinzani huyo alikuwa mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Alikuwa akiuza katika duka la dawa kwenye mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi, na kwenye ludo alijiita Kidonge Kichungu. Fundi alijiita Malkia wa Sindano. Walikuwa wamecheza karibu kila siku kwa muda mrefu, na kwa muda huo wote hawakuwa wamesemezana hata neno.

La mdomo, yaani. Ludo yao ilikuwa ya watu wenye bando dogo: haina sauti, haina kuandikiana. Chini ya ubao palikuwa na vitufe vya maneno yaliyokwisha pikwa. Ukibonyeza, neno linamtokea mwenzako. Habari. Haraka basi. Bahati tu. Hongera. Samahani. Mchezo mzuri. Fundi akichelewa kwa sababu ya mteja, alirushiwa Haraka basi. Akishinda, aliambiwa Bahati tu. Yeye naye alijibu Hongera kwa namna ambayo mtu anayemjua angeisikia kuwa ni tusi. Waligombana, wakapatana na kutaniana kwa maneno hayo machache, na walivyoyazoea hawakuona upungufu.

Ila Samahani haikuguswa. Watu wengine huibonyeza kila wakila kete ya mwenzao, kwa kejeli tu, kama mtu anayekukanyaga huku anacheka. Ndugu hawa wawili walilana kete kimya kimya. Kila mmoja alijua kitufe kile kiko pale, na kila mmoja alikipita kama nyumba ya mdai.

Chanzo kilikuwa mama yao. Alilazwa ghafla, akafariki kabla wiki haijaisha, na fundi ndiye aliyekaa naye hospitali. Mdogo mtu, ambaye wakati huo alikuwa bado chuoni, hakupigiwa simu mpaka yamekwisha. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akauliza mbele ya watu kwa nini hakuambiwa. Fundi akajibu, "Mtandao ulikuwa unasumbua."

Mtandao haukuwa unasumbua. Mama alikuwa amesema, "Usimsumbue mwenzio, ana mitihani," na fundi akaishika kauli hiyo kwa mikono miwili kwa sababu ilimfaa. Alikuwa anaogopa. Aliona kwamba akimwita mdogo wake nyumbani atakuwa amekubali kuwa mama anakufa, na hakutaka kukubali. Basi mama akilala, yeye alikaa kwenye benchi la nje ya wodi akacheza ludo na watu asiowajua, ili asifikiri. Sasa ludo ile huwasha nukta ya kijani kwenye jina la kila unayemfahamu aliye hewani. Huko chuoni, mdogo wake aliiona nukta ya dada yake ikiwaka tangu asubuhi hadi jioni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya fundi ilikuwa fupi na ina taa.

Mdogo mtu hakupiga kelele. Alisema, "Sawa," akaondoka, na tangu hapo hakupokea simu. Fundi alijaribu kupatana kwa njia alizozijua. Katika familia yao mkubwa hakuwa akimwomba mdogo msamaha. Alimpa kitu, mdogo akapokea, mambo yakaisha. Alimshonea gauni zuri la mikono mirefu, akalituma kwa basi. Lilirudi kwa basi lilelile, limekunjwa vizuri kuliko lilivyokwenda.

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa anafuta mvuke wa pasi kwenye kioo cha simu, kidole gumba kikagusa neno Alika lililokuwa mbele ya jina la mdogo wake. Fundi alishtuka, akatafuta pa kufutia. Kabla hajapaona, ubao ukafunguka na dadu ikaanza kuzunguka. Mwaliko ulikuwa umekubaliwa. Wakacheza. Kesho yake wakacheza tena, na hakuna aliyeuliza kulikoni.

Hivyo ndivyo walivyoishi, hadi tangazo lilipotokea katikati ya ubao: mchezo utafungwa mwisho wa mwezi, asanteni kwa kuwa nasi. Fundi alilisoma mara mbili, akachomoa simu kwenye mfuko wake na kwenda duka la pili, kwa Fundi Simu.

"Wanafunga, maana yake nini?"

"Maana yake wanafunga," alisema Fundi Simu, bila kuinua macho kwenye simu iliyokuwa wazi mbele yake. Alikuwa mtu asiye na huruma nyingi. Simu zilizotumbukia chooni zilikuwa zimemkausha.

"Siwezi kuuhifadhi humu?"

"Utahifadhi ubao. Mtu wa kucheza naye hahifadhiki."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mpigie."

"Hapokei."

"Mwandikie basi."

"Nimwandikie nini?"

Fundi Simu akaishusha bisibisi yake taratibu. "Mimi natengeneza simu, dada. Yanayosemwa ndani yake si kazi yangu."

Fundi alirudi dukani akiwa na hasira naye, hasa kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Siku zile zilizobaki alicheza vibaya. Kila mchezo ulipokwisha alikitazama kitufe cha tano, akajiambia kesho. Mkubwa ni jalala, watu husema, lakini hakuna aliyemfundisha jalala namna ya kuomba radhi.

Siku ya mwisho mvua ilianza mapema. Mistari ya mtandao ikawa inapanda na kushuka. Dukani alikuwapo mwalimu mkuu mstaafu, amekaa kwenye kigoda na mwavuli wake magotini, anasubiri sketi ya kijivu iliyobakiwa na pasi tu. Dadu ikalia. Fundi akaitandaza sketi mezani chini ya dirisha, na mchezo ukaanza.

Haukuwahi kuwapo mchezo wa polepole kama huo. Hakuna aliyetaka kushinda, maana atakayeshinda ndiye atakayeumaliza. Mdogo mtu, ambaye kwa kawaida hakuvumilia hata mtu kupenga kamasi, hakutuma Haraka basi hata mara moja. Lakini ludo haiendi kwa hisani. Kete ziliingia nyumbani moja moja, mpaka kila mmoja akabakiwa na moja. Ya mdogo mtu ilikuwa imezunguka ubao mzima na kusimama mlangoni kwao, bado nafasi moja tu. Ya fundi ilikuwa nyuma yake, nafasi nne.

Dadu ya fundi ikatoa nne.

Hakukuwa na kete nyingine ya kusogeza. Alingoja, kwamba labda mtandao utakatika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtandao ulikuwa imara. Akabonyeza. Kete yake ikaila ya mdogo wake mlangoni mwa nyumbani, na ile iliyoliwa ikarudishwa mwanzo kabisa, kama kwamba haikuwahi kutembea.

Alingoja aambiwe Bahati tu. Hakuambiwa kitu. Dadu ilikuwa kwa mdogo wake na haikutupwa. Ila nukta ya kijani kwenye jina la Kidonge Kichungu iliendelea kuwaka. Yupo, anaona, hasemi. Fundi aliitazama nukta ile, na ndipo alipojua mdogo wake alitazama nini siku ile kutwa nzima. Akabonyeza Samahani.

Kiduara kikazunguka. Mvua ilikuwa imezidi, mistari imekwisha. Akabonyeza tena. Kiduara kikazunguka tena. Akabonyeza kama anayeua chawa mshononi, kwa gumba, kisha kwa kidole cha shahada. Akaivuta simu mfukoni, pini zikaruka, akatoa mkono dirishani kwenye mvua na kuendelea kubonyeza huko huko nje bila kuona anachobonyeza.

"Fundi," alisema mwalimu mkuu. "Sketi."

"Naiona, mwalimu."

Hakuwa akiiona. Moshi ulikuwa unatoka chini ya pasi. Mwalimu mkuu akasimama, akachomoa waya ukutani, akaiinua pasi na kulichunguza tundu lililobaki, akarudi kukaa. Alikuwa amefundisha maisha yake yote na alijua wakati wa kuuliza maswali na wakati wa kuyaacha.

Fundi akarudisha mkono ndani. Kioo kilisema hakuna mtandao. Mchezo ungefungwa jioni hiyo. Akakaa juu ya marobota ya vitambaa na kulia mbele ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata msibani.

Mvua ilipopungua kidogo, simu iliita. Haukuwa mlio wa dadu. Fundi aliliona jina, akakimbilia dirishani na kutoa kichwa na mabega nje, kwa kuwa mistari ilikuwa huko.

"Dada."

Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka. "Nakusikia," alisema fundi.

"Simu yangu imejaa samahani. Zimeingia zote kwa mpigo. Nilikuwa nahesabu, nikaacha. Imelia mpaka wateja wananiuliza kama ni kengele ya moto."

Fundi akaibana simu sikioni.

"Nauliza tu," mdogo wake akaendelea, polepole. "Ni mtandao ulisumbua, au ni nini?"

Mlango wa kisingizio ulikuwa wazi. Fundi angeweza kutokea hapo na ukubwa wake wote, bila mkunjo. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kola.

"Mtandao haukusumbua," alisema. "Na siku ile haukusumbua. Niliogopa. Nisamehe, mdogo wangu."

Akaitazama simu: sekunde zilikuwa bado zinakwenda. Kisha akasikia mtu anavuta pumzi kwa shida, huku nyuma mteja mmoja akiulizia dawa ya kikohozi.

"Nilikuwa najua," alisema mdogo wake. "Nilitaka uniambie wewe." Akapenga kamasi. "Mama aliniulizia?"

"Kila siku."

"Nieleze. Toka mwanzo. Sina haraka."

Fundi akaegemeza tumbo kwenye dirisha, mvua ikimpiga kisogoni. Nyuma yake mwalimu mkuu akajitanda begani sketi iliyoungua, akaupenyeza mwavuli wake dirishani na kuufungua juu ya kichwa cha fundi, akaushikilia.

"Siku ya kwanza alikataa uji," fundi akaanza. "Alisema hauna sukari, na kwamba wewe ungekuwepo ungeitia bila kuambiwa."