Beseni la Pili

Stefano hakuamini kwamba kuna chura asiye na miguu. Binti yake Janeth, aliyekuwa akisomea wanyama chuoni mjini Morogoro, alifukua tuta la kabichi hapo nyumbani Mgeta, akamwachia baba yake beseni la udongo. Ndani yake mlikuwa na kiumbe kama nyungunyungu mnene, pamoja na watoto wake. Alimwomba awatunze mpaka yeye arudi kuwachukua.

"Ni jamii ya chura, baba."

"Kwa hesabu hiyo, hata mwiko ni jamii ya mwembe."

Asubuhi iliyofuata aliinua gunia lililofunika beseni. Watoto walikuwa wamemng'ang'ania mama yao, wanamchuna ngozi kwa meno. Mama alikuwa amepauka, ametulia kama mgonjwa aliyekata tamaa. Stefano akawahamishia watoto kwenye beseni la pili.

Tangu hapo hakukalika. Alipalilia nusu tuta, akarudi kuchungulia. Aliwakatia watoto vipande vya nyungunyungu, hawakugusa. Kesho yake walikuwa wamenywea.

"Baba Janeth, unazunguka beseni kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema mkewe, Anastasia. "Mpigie mwanao."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemwokolea mnyama wake?"

"Hivyo hivyo. Tusikie atakavyokushukuru."

Alipanda hadi barabara ya malori, ambako simu hushika mtandao.

"Shikamoo, baba. Wanyama hawajambo?"

"Marahaba. Watoto walikuwa wanamla mama yao. Nimewatenga."

"Ngozi ile ndiyo maziwa yao, baba. Huota nyingine. Alipauka kwa sababu ilikuwa imeiva. Warudishe sasa hivi."

Stefano hakuamini, ila aliteremka mbio. Alimrudisha mmoja tu, kwa majaribio. Mtoto akapanda mgongoni mwa mama, akauma, akavuta utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake hapakuwa na damu. Palikuwa na ngozi nzima, nyeusi, inayong'aa. Mama hakujitikisa.

Akawarudisha waliobaki. Walipanda wote isipokuwa mmoja, aliyelala pale pale alipowekwa. Stefano alipiga magoti, akamsogeza kwa ncha ya kidole mpaka ubavuni mwa mama.

Anastasia aliinama, akatazama kwa muda. "Huyo amekwisha, Baba Janeth."

"Siamini," alisema Stefano, akamsogeza tena.