Bao Moja la Duncan Petri

Hapa Maskat wallahi ni neno rahisi kuliko maji. Muuza samaki ataapa kuwa samaki ni wa leo, dereva ataapa kuwa yuko njiani na bado yumo kitandani, na hakuna anayeshangaa. Ghanim peke yake ndiye asiyeapa. Miaka arubaini aliuza vipuri vya magari mtaani Darsait, na mteja akimwambia, "Hebu apa kama hii ni mpya," humjibu, "Ukitaka nunua, hutaki acha." Watu wakamsifu kwa uchamungu, mpaka wengine wakamwekesha amana zao. Sifa ile ikimkera moyoni, maana asili yake yeye aliijua, na asili yenyewe, amini usiamini, ilikuwa mpira.

Kumsimulia Petri lakini alikuwa hachoki. Wajukuu zake walimjua Duncan Petri kabla hawajajua kusoma: Mskochi, kiungo wa Invergarvie Rovers, timu ya kijimji cha makaa ya mawe. Siku tano alikuwa chini ya ardhi na sururu, Jumamosi akatoka kucheza. Alianza mwaka arubaini na sita, akamaliza hamsini na saba. Mpira wa ngozi wa zama hizo ukinywa mvua huwa mzito, ukiupiga kichwa unaona nyota mchana, na Petri aliupiga miaka kumi na moja. Mara moja alimaliza mechi na kidole cha mguu kimevunjika, wenziwe wakajua alipovua kiatu. Magoti yalipochoka akaja Unguja kwa kazi ya mabomba ya maji, na kila alasiri akiwafundisha watoto kiwanjani, Ghanim mmoja wao.

"Makelele hana," Ghanim akisimulia. "Lakini akikupa pasi, mpira unakuja mguuni umetulia, kama uliotumwa na mama'ko."

Shatha, mjukuu wake anayefanya kazi ofisini Qurum, aliwaandikia watu wa Invergarvie kuuliza habari zake. Ijumaa akaja Darsait na karatasi ya majibu. Walikuwa wamekwisha kula, Ghanim na Msellem, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye kila Ijumaa huja kutoka Sidab kwa chakula cha mchana na mabishano.

"Babu, mechi mia tatu na kumi na moja," Shatha akasoma. "Mabao, sifuri."

Msellem akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. "Sifuri! Yakhe, na huyu ndiye uliyetutilia masikioni miaka yote hii?"

"Mie nlisema alifunga? Nlisema alicheza. Mtu acheze mechi mia tatu na kumi na moja bila ya bao, na kila Jumamosi wamchague tena, unajua maana yake? Wenziwe wote wakila kwa mguu wake. Hata wewe, yale mabao uliyojivunia Unguja mpishi alikuwa yeye, wewe ulipakua tu."

"Hilo nnalikubali," Msellem akasema, akajifuta kanzu.

"Sijamaliza," akasema Shatha. "Ana binti yake, Morag. Saa kumi atapiga simu ya video. Anasema babake mpaka siku ya kufa alishikilia kwamba maishani mwake alifunga bao moja, Unguja, na watoto wake wakimcheka mezani. Anataka kujua kama yupo aliyeliona."

Ghanim akaweka kikombe chini.

Siku ile, Unguja, alikuwa na miaka kumi na minne, golikipa. Wiki ile Petri anaondoka, na watoto walimbembeleza acheze nao kwa mara ya mwisho. Akapiga kutoka mbali. Mpira ukagonga mwamba kwa chini, ukaanguka ndani. Ghanim aliuona mstari wa chokaa kwa macho yake, mweupe pe, uko mbele ya mpira. Akauvuta, akaulalia. Petri tayari kanyanyua mikono, anacheka meno yote nje, na hawajapata kumuona akicheka hivyo. Mwezi mzima Ghanim alikuwa hajafungwa. Akasema, "Wallahi haukuingia."

Kiwanja kile hakikuwa na refa, kilikuwa na sharia moja: aliyeapa amemaliza. Ukishaapa wenzio wanarudi nyuma, na dhambi ni yako na Mola wako. Petri aliijua sharia ile na akiiheshimu kuliko filimbi yake. Akashusha mikono. Akaja akampa Ghanim mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Basi. Umeapa." Wiki ile ile akapanda meli.

Kafara Ghanim aliitoa. Aliwalisha masikini kumi Unguja kwa mshahara wake wa kwanza, akawalisha kumi wengine alipofika Maskat. Shekhe aliyemuuliza hakumung'unya maneno: kafara ni baina yako na Mungu, lakini haki ya mja humrudishia mwenyewe. Na huyo mwenyewe, Ghanim hakujua yuko wapi. Basi neno lile la wallahi akaliwekea kufuli.

Leo akisema kweli, Shatha atajua babu yake hakuwa mchamungu, alikuwa mwongo aliyeona haya. Msellem atajua. Akisema "mie nlikuwa mtoto, sikumbuki," nani atamlaumu mzee wa miaka themanini? Aliona aibu kwamba hilo alilifikiria, tena alilifikiria mpaka saa kumi.

Morag akatokea kwenye simu, mvi tupu, na masikio ya Petri yale yale, yaliyosimama. Akazungumza, Shatha akafasiri.

"Anasema asante, Babu. Lakini hataki uongee kwa adabu. Ndugu zake wamemwambia, mzee wa Kiarabu ukimuuliza jambo atakwambia ndiyo, asikuvunje moyo."

Ghanim akajikohoza. "Mwambie golikipa nlikuwa mie. Mwambie lilikuwa bao, la haki kabisa. Mie nlilikataa kwa kiapo cha uongo, na babake akashika heshima ya kiapo changu. Mwambie sijapata kuona mchezaji bora kuliko yeye, na bao lake moja nlimwibia mie."

Shatha akamtazama babu yake, kisha akafasiri polepole, neno kwa neno.

"Mie nlikuwa nimesimama kwenye nguzo ya goli," Msellem akasema, macho yamo ndani ya kikombe. "Nliuona. Nlikuwa nikingoja useme wewe."

Ghanim akamwangalia. Kule kwenye simu Morag akauliza kitu kifupi.

"Anauliza, una hakika? Si adabu?"

"Wallahi," akasema Ghanim. Akalirudia. "Wallahi liliingia."

Shatha hajapata kulisikia neno lile kinywani mwa babu yake, akababaika. Alipotaka kufasiri, Morag akanyanyua mkono kumzuia. Neno hilo analijua, akasema. Babake alirudi nalo kutoka Unguja, na nyumbani kwao mtoto akilisema, mzee alikuwa haulizi tena.

Morag akavuta orodha ya timu iliyokuwa mezani kwake, akaikata ile sifuri ya babake kwa kalamu, akaandika moja.