Ngoma Upande wa Kushoto

Siku ile nilimwamkia mjomba na hakuitikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa studio, ufagio mkononi, yeye akapanda ngazi na gita lake mgongoni, akapita mimi nikiwa kushoto kwake. "Shikamoo, mjomba," nikasema, kwa sauti ya kutosha kabisa. Akanipita kama vile mimi ni nguzo ya umeme, akaingia ndani. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua anajua hivyo. Nilinuna palepale, na niliendelea kununa huku nikiwapangia viti yeye na bendi yake.

Sasa mtu atasema, salamu moja tu, ya nini kununa? Lakini huyu ni mjomba, ndugu yake mama wa tumbo moja, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu muziki. Nilipokuwa na miaka sita alikuwa akinipakata na kunigonga begani kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne, mpaka nikaweza kuusikia wimbo unatembea kabla haujaanza. Kama leo nina kompyuta, maikrofoni sita na jina la Fundi Sauti hapa mtaani, ni kwa sababu yake. Angeninyima marahaba mtu mwingine yeyote nisingejali.

Bendi yao imenizidi umri. Ni watu watatu. Kinyozi, ambaye ni kinyozi kwelikweli na ana duka nyuma ya posta, anapiga ngoma. Mwenyekiti anapiga besi. Hakuna aliyewahi kumchagua kuwa mwenyekiti, alijichagua. Mjomba anapiga gita na kuimba, na nyimbo karibu zote zimetoka kichwani mwake. Walikuja kurekodi wimbo mmoja alioutunga wiki niliyozaliwa. Kwa miaka thelathini na minne ulikuwa ukipigwa ukumbini kila Jumamosi, na haujawahi kurekodiwa hata mara moja.

Kabla hatujaanza, Mwenyekiti alinivuta pembeni.

"Mwanangu, nikwambie ukweli. Mjomba wako siku hizi anatuacha njiani. Mara anatangulia, mara anachelewa, watu wanaocheza wanagongana. Kuna dada anapiga gita hotelini, nimemwambia apitie hapa saa kumi. Mjomba akiweza leo, tumshukuru Mungu. Asipoweza, dada atapiga yeye. Hapa, na kwenye bendi pia."

"Mjomba anajua?"

"Nilimwambia jana, ana kwa ana. Mimi simsemi mtu mgongoni."

Nikamtazama mjomba kupitia kioo. Alikuwa akikaza nyuzi za gita, kichwa kimeinama. Nilimwonea huruma, lakini kununa sikuacha.

Studio yangu zamani ilikuwa kliniki ya meno. Kinyozi nilimweka kwenye chumba kilichokuwa cha eksirei, maana kuta zake ni nene na yeye ana fujo. Mwenyekiti alikaa na mimi kwenye chumba cha kompyuta. Mjomba alikuwa peke yake pale wagonjwa walipokuwa wakisubiri, na mimi namwona kupitia dirisha la mapokezi. Kwa mpangilio huo hakuna anayemsikia mwenzake bila mimi. Sauti ya kila chombo inaingia kwenye traki yake ndani ya kompyuta. Halafu mimi, kwenye programu, natoa tawi kutoka kila traki na kulipeleka kwenye traki nyingine niliyoitengeneza kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja tu. Ni sawa na kugawa maji bustanini: unaamua nani apate, kiasi gani, na yapitie upande gani.

Mafundi wengine humwagia kila mtu kila kitu katikati, masikio yote mawili sawasawa, wakamaliza. Mimi si wa hivyo. Ukutani nina picha ya zamani ya bendi, na kwenye picha ile ngoma ziko kushoto kwa mjomba, karibu kiasi cha kuzigusa, na Mwenyekiti yuko hapohapo kando yake. Wamesimama hivyo maisha yao yote. Kwa hiyo ngoma na besi nikazielekeza sikio la kushoto la mjomba, gita na sauti yake mwenyewe sikio la kulia. Nilitaka akifumba macho ajione yuko jukwaani. Nilijisifu sana kwa hilo.

Kupanga vyombo kulikula asubuhi yote, tukaanza saa nane, na mara ya kwanza wimbo ulitoka kama maji. Mjomba alikuwa amefumba macho kweli, gita linaongea na ngoma kama watu wanaojuana tangu utotoni, hata Mwenyekiti akasahau kukunja uso. Tulikuwa tunakaribia mwisho simu ya Kinyozi ikalia mfukoni mwake. Mteja anauliza kama duka liko wazi. Nilimpa vidonge vyake Kinyozi, nikasema tunarudia, nikaingia kwa mjomba kusogeza maikrofoni.

Hapo ndipo nikaona hedfoni kazivaa kinyume. Upande wa kushoto uko kulia, wa kulia uko kushoto.

"Mjomba, umezigeuza hizi."

"Ziko sawa hivihivi."

"Haziko sawa." Nikamvua mwenyewe, nikazigeuza, nikamvalisha kama mtoto anayevalishwa viatu. Akafungua mdomo, akaufunga. Laiti ningemuuliza alitaka kusema nini. Sikumuuliza, nikarudi kwenye kiti changu.

Mara ya pili alichelewa. Mara ya tatu akatangulia. Mara ya nne alisimama katikati, akatazama sakafu, akaanza upya mahali pasipo pake. Nikamwona anapeleka mkono kwenye hedfoni, nami nikamtikisia kidole kupitia kioo, asiziguse. Akaushusha mkono. Mara ya tano ilikuwa mbaya kuliko zote. Saa tisa ilikuwa imepita, Mwenyekiti anapumua kwa pua kama fahali, na hasira zangu za tangu asubuhi zikapata mlango. Nikabonyeza kitufe cha kuongelea, ambacho sauti yake huenda kwa kila mtu, masikio yote mawili.

"Mjomba, kama vidole vimezeeka sema, tusipotezeane muda."

Nilijuta kabla sijakiachia kitufe. Mjomba alilaza gita kitini taratibu, akatundika hedfoni kwenye mgongo wa kiti, akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Mwenyekiti akatazama saa yake. "Dada yuko njiani," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mwenyekiti. Ilikuwa ya mtu anayempoteza rafiki.

Niliingia chumbani kwa mjomba bila kujua nakwenda kufanya nini. Nikakaa kitini pake, gita mapajani, nikavaa hedfoni zake. Kinyozi hakuna aliyemwambia kwamba mjomba ametoka, basi alikuwa kule kwenye eksirei yake anapiga polepole kujiburudisha. Ngoma zikaja kushoto, nzuri, nene, kama nilivyozipanga. Kulia kimya. Nikazigeuza hedfoni, ngoma zikahamia kulia. Hazikuwa na ubovu wowote.

Nikabaki na zile hedfoni mkononi. Mara ya kwanza alizivaa kinyume na akapiga vizuri. Nilipozigeuza, akapotea.

Halafu mambo yakaanza kuja moja baada ya jingine. Simu anaiweka sikio la kulia siku zote, hata akiwa ameshika kitu mkono ule. Tukila kwake, anachagua kiti cha mwisho kushoto ili sote tuwe kulia kwake. Mkaza mjomba amekuwa akilalamika kwa mama kwamba mumewe siku hizi ana dharau, anasemeshwa anakaa kimya. Na asubuhi ile mlangoni, mimi nilikuwa nimesimama upande gani?

Niliona aibu mpaka uso ukaniwaka. Zaidi ya miaka thelathini na minne ya matoazi ya Kinyozi, hatua moja kutoka sikio lile. Limekufa. Na mimi mjuaji, kwa mapenzi yangu yote, nilichukua ngoma nikazipeleka palepale pasipo na mtu wa kuzipokea.

Nikarudi kwenye kompyuta, na kuhamisha kukanichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Ngoma kulia, besi kulia, sauti yake kulia. Gita nikalipeleka kushoto. Gita hakulihitaji sikioni, mbao zake analala nazo kifuani. Kazi ilikuwa ni kuwaambia watu. Siri ya mjomba haikuwa yangu kuitoa, na Mwenyekiti akisikia neno sikio tu, biashara imekwisha. Nikajikaza.

"Jamani, kosa ni langu. Ngoma zilikuwa hazimfikii mjomba. Nilizielekeza vibaya."

Mwenyekiti akageuka na kiti chake chote. "Tangu saa nane?"

"Tangu saa nane."

"Fundi Sauti mzima!"

"Mzima," nikasema. Mtu anayenijua angejua hilo lilinigharimu nini.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, kulia kwake.

"Mjomba, nimezihamisha ngoma. Ziko kulia."

Alikuwa akitazama barabara, mwanamke anasukuma mkokoteni wa magodoro. Akangoja mpaka mkokoteni ukapita.

"Zote?"

"Zote. Na besi."

"Mwenyekiti umemwambia nini?"

"Nimemwambia mimi ni mjinga."

"Hakubisha?"

"Hata kidogo."

Mjomba akacheka, bega lake likanigusa. Nikamwambia anisamehe yale ya vidole. Akasema vidole kweli vimezeeka, ila si leo, akainuka na kujipangusa suruali.

Mara ya sita sikuigusa kompyuta hata kwa ukucha. Kinyozi alianza, mjomba akaingia juu yake palepale panapotakiwa, Mwenyekiti akaketi kwenye besi kama mtu aliyefika nyumbani. Ulipofika ule ubeti ambao mjomba huacha gita na kuimba peke yake, nikajigundua najigonga begani kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Dada wa hotelini alifika katikati, na begi lake la gita. Alisimama nyuma yangu bila kusalimia mtu mpaka mlio wa mwisho ukafa. Kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Sasa mimi mmeniitia nini?"

Mwenyekiti akakohoa. "Tulitaka tu... usikie."

Wote wakaja chumbani kwangu kuusikiliza. Tulikuwa tumebanana, Kinyozi kakaa juu ya boksi. Wimbo ulipokwisha mjomba akasema, bila kumtazama yeyote, "Sikio langu la kushoto halisikii. Huu ni mwaka wa pili."

Nilimtazama Mwenyekiti na nilikuwa tayari kumrukia.

"Kwa nini hukusema?" Mwenyekiti akauliza.

"Ningesema, dada angekuja mapema zaidi."

Mwenyekiti akainamisha kichwa, akakigusa kigingi kimoja cha besi ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Kinyozi ndiye aliyeongea. "Basi Jumamosi nahamia kulia kwako. Tatizo liko wapi?"

"Na mimi nikae wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Wewe kaa popote," mjomba akasema. "Besi yako naisikia kwa miguu."

Dada wa hotelini ndiye aliyeanza kucheka, na Mwenyekiti akafuata. Jambo likaishia hapo. Jumamosi watakuwa watatu walewale, wamegeuza tu picha.

Wakati wanakusanya vyombo, nilitengeneza nakala ya pili ya wimbo. Traki zote, kila moja, nilizielekeza kulia. Kwa mtu mwingine nakala ile ni kasoro tupu, nusu yake ni bubu. Nikamvalisha mjomba hedfoni, safari hii nikimuuliza kwanza, nikabonyeza. Akasikiliza akiwa amesimama, mkono mezani, macho kayafumba. Katikati akafumbua macho.

"Kumbe Kinyozi bado anapiga lile pigo lake la mkono wa kushoto! Mimi nilijua aliliacha, maana nikiimba mwenyewe linanipita."

"Niliache vipi?" Kinyozi akafoka kutoka mlangoni, ngoma kwapani. "Napiga kila Jumamosi! Miaka miwili nakupigia wewe, unatazama dari!"

Lakini alikuwa anatabasamu mpaka pengo la gego lililong'oka likaonekana.

Nilimsindikiza mjomba mpaka chini. Nilimwambia kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari wa masikio, mimi na yeye. Akasema analiogopa jibu la daktari kuliko anavyoogopa ukimya. Nikasema jibu lolote tutalisikia wawili. Akakubali shingo upande, kisha akasimama ngazi ya mwisho na kugeuza kichwa, sikio lake zima likanielekea.

"Hivi asubuhi ulinisalimia?"

"Nilikusalimia, mjomba. Ulipita tu."

Akaweka begi la gita chini, akanigonga begani kwa vidole vinne.

"Marahaba," akasema.